Eti Majuto alikuwa haigizi, ndivyo alivyozaliwa

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe unatokea Tosamaganga. Tupo huku kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, wiki ya nne sasa. Kwa wale wa Dar na Pwani ambao hamjafika: unatoka Iringa mjini, unaiacha lami, unapanda kidogo, unakuta misheni ya tangu enzi za Wajerumani, kanisa kubwa, hospitali, shule, mikaratusi, na baridi ya mwezi wa saba inayokufanya uandike ubaoni kwa mkono mmoja, mwingine uko mfukoni. Ndiyo hali halisi.

Lakini leo siongelei TP. Leo namwongelea King Majuto.

Kuna sentensi moja nimeisikia kwa watu wengi mpaka imenichosha. Nimeisikia kwa washkaji chuoni, nimeisikia kwa mjomba wangu Mafinga, na juzi tena kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu nilipoomba mfano wa mwigizaji wanayemjua. Sentensi yenyewe ni hii: "Madam, Majuto alikuwa haigizi, yule ndivyo alivyozaliwa." Darasa zima likakubali. Anayesema hivyo anadhani anamsifia. Mimi naona hiyo ndiyo sentensi iliyomla yule mzee, na bado inakula watu mpaka leo. Ngoja nieleze kwa nini, mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Tuanze na hesabu. Jina lake la kuzaliwa ni Amri Athumani. Kazaliwa Tanga mwaka 1948, kasoma shule ya msingi Msambweni hukohuko Tanga, na kaanza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa mtoto mdogo. Yaani Tanganyika haijapata Uhuru, yeye tayari anachekesha watu! Kafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018, siku ya Nane Nane, akazikwa kwao Tanga. Toa mwenyewe: 1958 mpaka 2018 ni miaka 60. Serikalini mtu ukifikisha miaka 60 ya kuzaliwa unastaafu kwa lazima. Yeye alikuwa na miaka 60 ya kazi.

Hesabu ya pili. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 70, lakini huku Bara tumeipata mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, ITV wakiwemo. Kwa hiyo siku Mtanzania wa Bara anawasha televisheni ya nyumbani kwa mara ya kwanza, Majuto alikuwa ameshakula miaka 36 jukwaani, na umri wake ni kama miaka 46. Sisi tuliozaliwa miaka ya 2000 tunamjua kama mzee wa kwenye kava la DVD, tunadhani alizaliwa hivyohivyo, na kitambi chake na macho yake. Kumbe yale tuliyokuwa tunayaona ni mavuno. Shamba lililimwa kabla mama zetu hawajaolewa.

Sasa lililimwaje? Hapa wale wa Fasihi mtanielewa. Vichekesho vya jukwaani enzi zile havikuandikwa. Ukisoma habari za vikundi vikubwa vya utamaduni vya miaka ya 80 na 90, kina Muungano, Mandela, na TOT iliyokuja 1992, utakuta utaratibu ni uleule: ngoma, sarakasi, taarabu, kichekesho, igizo, vyote usiku mmoja na ukumbi mmoja, mara nyingi ukumbi wa baa. Mchekeshaji hapewi karatasi ya maneno. Wanakubaliana kisa tu: mume karudi safari ghafla, kakuta mgeni sebuleni. Wewe mume, wewe mgeni, wewe jirani mmbea. Basi, pazia linafunguliwa. Maneno utayatafuta hukohuko mbele za watu.

Na watu wenyewe ni akina nani? Ni mtu kalipa kiingilio, ana chupa mezani, ana nyama ya kuchoma. Usipomchekesha ndani ya dakika mbili anageukia nyama yake, na ukimchekesha sana anainuka anakuja kukutuza noti. Hakuna kurudia, hakuna "kata, tuanze upya". Mtu aliyefundishwa na watazamaji wa namna hiyo kwa miaka thelathini na kitu, halafu wewe unaniambia ndivyo alivyozaliwa?

Fanyeni jaribio dogo. Chukua filamu yake yoyote, zima sauti, mwangalie usoni mtu anapomdai pesa. Kwanza anaonyesha hajasikia. Halafu unaona kasikia ila anajifanya hajasikia. Halafu macho yanaanza kutafuta mlango. Hajasema neno na umeshacheka. Hiyo siyo sura ya kuzaliwa. Hiyo ni kazi.

Sasa twende kwenye suala la steringi. Waliokulia vibanda umiza wanajua sheria kuu: steringi hafi. Mimi kwetu Mafinga tulikuwa tunaingia kwa shilingi 100, siku ya picha mpya 200, na swali la kwanza kabla hujakaa ni "steringi nani?" Steringi ni kijana mzuri, anapiga watu, anaoa mwishoni. Wengine wote ni wa kupigwa. Wamarekani wao wana kundi zima la waigizaji wazee ambao siyo masteringi, na wanaheshimika kwa hiyo kazi. Sura unaijua kabisa, jina hulijui. Leo hakimu, kesho mlevi, keshokutwa baba mkwe mkorofi. Kila filamu anavaa mtu mwingine, na akitoka pale filamu inapwaya.

Wa kwetu walifanya kinyume chake. Wao walimtengeneza mtu mmoja, wakamhamisha kutoka kisa mpaka kisa. Majuto akiwa tajiri ni Majuto, akiwa mlinzi ni Majuto, akiwa mganga ni Majuto: mzee mbishi, mwepesi wa hasira, anayejiona mjanja halafu ujanja wake unamrudia mwenyewe. Mzee Small, Said Ngamba wa Kilwa, aliyefariki Juni 2014, naye vilevile, jina la jukwaani likameza la kuzaliwa. Sasa mtu akikutana na mhusika yuleyule kwa miaka mingi, anasahau kuwa kuna mtu anayembeba. Unabaki Majuto, Amri Athumani anapotea.

Kama bado hamjakubali, vukeni mpaka Kenya. Wanaomjua Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha KBC, nyosheni mikono. Yule mzee wa Kijaluo, lafudhi ya Kijaluo, majigambo ya Kijaluo, mkewe Mama Kayai. Basi jina lake halisi aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu! Ndiyo, Mkikuyu. Alimwigiza Mjaluo kwa miongo mpaka nchi nzima ikaamini. Na kwa siasa za Kenya tunazozijua, Mkikuyu kupendwa na Wajaluo sebuleni kwao kwa kuwaigiza wao wenyewe siyo jambo dogo, mabalozi wangapi wameshindwa kazi hiyo. Kafariki Julai 2015 pale Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na miaka 78. Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na Wakenya wakachangishana fedha za matibabu.

Ojwang ndiye ushahidi wangu mkuu. Huwezi kusema "ndivyo alivyozaliwa", maana hakuzaliwa hivyo hata kidogo! Ile lafudhi ilitengenezwa neno kwa neno. Na kama ya Ojwang ilitengenezwa, kwa nini ya Majuto iwe bure kutoka mbinguni?

Haya, sasa ndiyo nafika kwenye pesa.

Ukiigiza vizuri sana watu wanadhani huigizi. Wakidhani huigizi, hawaoni wanakulipia nini. Fundi seremala anakuonyesha meza, mnabishana bei lakini meza ipo. Mwigizaji wa namna ya Majuto akimaliza kazi hakuna meza. Kuna mzee kaongea, kakunja uso, kaondoka. "Sasa tumlipe milioni za nini, si kaja tu kaongea?" Na kwa sababu jukwaa la zamani halikuwa na maandishi, tabia ile ya mdomo kwa mdomo ikahamia nayo kwenye filamu. Bongo Movie iliposhika kasi baada ya 2003, biashara kubwa ilikuwa ni mtayarishaji kumuuzia msambazaji filamu jumla, na mwigizaji kupewa chake mara moja, mkononi, yakaisha. Filamu ikirudiwa mara elfu, ikachomwa kwenye CD za mtaani, ikawekwa kwenye intaneti, yeye hausiki tena.

Na siyo kwamba sheria haikuwepo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Hilo neno hakishiriki ndilo linalomhusu mwigizaji: hukuandika kisa, lakini ulivyokicheza wewe kuna haki yako pale. COSOTA nayo imetokana na sheria hiyohiyo. Sasa fanya hesabu nyingine: sheria ya 1999, mpaka 2018 ni miaka 19. Mwaka huo 2018, Majuto anaumwa, anapelekwa India kwa matibabu, ndipo suala la mikataba yake ya matangazo linapanda mpaka wizarani, na Waziri wa Habari na Utamaduni wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, anaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ni jambo jema, sipingi. Lakini angalieni mpangilio wake. Uso tuliucheka kwanza, miaka 60. Mkataba tukausoma mzee akiwa kitandani.

Linganisheni na Marekani. Mwaka 1960 waigizaji wa filamu kule waligoma. Chama chao, Screen Actors Guild, kilikuwepo tangu 1933, na wakati wa mgomo kiliongozwa na Ronald Reagan, huyohuyo aliyekuja kuwa Rais. Walichodai ni kitu kinachoeleweka hata kwa bibi yangu: filamu yetu ikionyeshwa tena kwenye televisheni, na sisi tupate kidogo. Wakapata malipo ya marudio kwa filamu za kuanzia mwaka ule, na ukaanzishwa mfuko wa pensheni na matibabu. Masteringi hawakuwa na shida sana, wao wana mawakili. Aliyepona ni yule mzee wa kuigiza hakimu na baba mkwe. Siyo kwamba kule wote wanakula kuku, wengi wanahangaika vilevile. Mwaka 2023 waligoma tena siku 118, na safari hiyo moja ya hoja ilikuwa kompyuta kunakili sura na sauti ya mtu na kuitumia bila ruhusa yake. Mkumbuke hilo la sura na sauti, narudi nalo sasa hivi.

Maana haya yote nisingeyaandika kama yasingetukuta hapahapa Tosa.

Mwenzetu mmoja kwenye nyumba ya walimu tunamwita Babu. Ana miaka 23. Mwenyewe ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ila ana mhusika wake kwenye simu, babu wa Kihehe anayelalamikia kila kitu: bei ya mbolea, wajukuu wanaovaa suruali za kubana, ulanzi wa siku hizi kuwa na maji. Anarekodi klipu ya dakika moja, shuka begani, fimbo mkononi. Wazee wa Kihehe wenyewe wanacheka mpaka machozi. Alianza kumsikiliza muuza ulanzi mmoja tulipokuwa mwaka wa kwanza, akawa anaenda kila Jumamosi, hanywi, anasikiliza tu anavyovuta maneno. Miaka miwili. Halafu watu wanasema ana kipaji, kajaliwa.

Basi mfanyabiashara mmoja wa mjini, simtaji, kampigia. Anataka Babu amtangazie duka. Shilingi 120,000. Kwa mtu ambaye bumu halijaingia na anadaiwa mchele na mafuta dukani, 120,000 siyo hela ya kuchekea, tuambiane ukweli. Karatasi ikaletwa na bodaboda, ukurasa mmoja. Jioni tukakaa kuizunguka, jiko la mkaa katikati, tukaisoma kwa sauti kama tunasoma somo kanisani. Kipengele cha tatu kinasema mwenye duka atatumia sura na sauti yake "kwa matumizi yoyote, kwa njia yoyote, bila kikomo cha muda". Cha nne kinasema hataruhusiwa kutangaza biashara nyingine yoyote kwa mhusika huyo.

Someni tena hicho cha nne. Kwa mhusika huyo! Yaani Babu anauzwa kwa 120,000, mazima, na kijana wa Tukuyu anabaki na shuka.

Mmoja akasema saini tu kaka, utatengeneza mhusika mwingine. Mimi nikamuuliza, Majuto angetengeneza mwingine akiwa na miaka 60? Ojwang je? Mhusika wa namna hii haupati mara mbili maishani. Tukabishana mpaka mkaa ukawa majivu. Mwisho tukaandika masharti manne nyuma ya karatasi ileile. Nayaweka hapa maana najua kuna wengine mnarekodi na kesho mtapigiwa simu:

Moja, muda. Miezi sita, ikiisha tunaongea upya. Mbili, mahali. Redio na kurasa za duka, basi, mabango ni bei nyingine. Tatu, asizuiwe kufanya kazi nyingine, labda kwa duka la aina hiyohiyo, na hapo aongezewe. Nne, sauti na sura visichezewe kwa kompyuta kumsemesha maneno ambayo hakuyasema.

Babu akampigia simu, akaweka sauti ya nje tusikie. Alianza kwa sauti ya mhusika, kama alivyozoea kuongea naye. Mzee akacheka weee. Kufika kwenye masharti kicheko kikakatika. Akasema, na hapa nanukuu kama nilivyosikia, "Lakini kijana wangu, wewe si unaongea tu? Ndivyo ulivyo. Kuongea nako kunataka masharti?"

Sentensi ileile, wadau! Tukatazamana.

Babu akakaa kimya kidogo. Halafu akamjibu kwa sauti yake mwenyewe, ya kijana, na lafudhi yake ya Tukuyu: "Shikamoo mzee. Ndivyo nilivyo ni hivi unavyonisikia sasa. Yule mwingine ni kazi yangu, nimeifanya miaka miwili." Upande wa pili kimyaaa. Halafu mzee akauliza, "Kwani wewe siyo Mhehe?"

Sitawadanganya kwamba mzee alilia akaongeza hela. Alisema atafikiria mpaka mwisho wa mwezi. Inawezekana asipige tena, vijana wa kuchekesha Iringa hii ni wengi na wapo watakaosaini kwa elfu hamsini. Babu anajua hilo. Deni la mchele lipo palepale, na jana tumekula ugali na chainizi mara mbili. Kuna saa namwona anaichukua ile karatasi anaiangalia, na simlaumu, maana kukataa 120,000 ukiwa na njaa ni rahisi kwa anayeandika, siyo kwa anayedaiwa.

Ninachojua ni hiki. Majuto alitupa miaka 60 na tukamlipa kwa sentensi moja, tena ya kumnyima kazi yake. Tunaweza angalau kuacha kuisema. Ukimwona mtu kwenye klipu amekuvunja mbavu, usiseme kajaliwa. Sema kafanya kazi. Ni maneno mawili tu, lakini yule atakayekuja na karatasi naye huwa anasikiliza sisi tunasemaje.

Mpaka naandika hapa, ile karatasi ipo chini ya godoro la Babu, haijasainiwa. Ila jana nimeona kwenye nafasi ya jina kaandika kwa penseli, majina matatu kamili, kama yalivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Tunaishi naye mwaka wa tatu huu, na nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuyasoma yote matatu.

Haya, baridi imezidi na mkaa umeisha. Wa Mbeya, wa Iringa na wa kwingineko, tuzidi kuombeana. Tutaonana wiki ijayo Mungu akipenda. Kamwene!